Kulinda waifai ya ofisi ndogo Kigoma: kutoka kwenye ruta hadi kwenye kaunta

Swali linalorudi kila mara kutoka ofisi za Lumumba Road, Mwanga na Kibirizi ni hili: "Tumebadilisha paswedi ya waifai, lakini baada ya wiki mbili intaneti imekuwa nzito tena na tunaona simu tusizozijua. Wanaingiaje?"

Mara nyingi hawakuvunja chochote. Walipewa. Mteja anayesubiri hati za mzigo wa Bujumbura au Kalemie aliomba, "Dada, nisaidie waifai niwasiliane na wenzangu," na dada wa kaunta akampa. Mteja akampa dereva, dereva akampa kijana wa duka la jirani. Hapakuwa na wizi hapo. Kosa lilikuwa la mpangilio: paswedi ileile inafungua intaneti ya mgeni, kompyuta ya mhasibu, printa, kamera na folda yenye nakala za vitambulisho vya wateja.

Mwongozo huu ni wa ofisi yenye watu 3 hadi 15: wakala wa forodha, duka la jumla la dagaa na mawese, ofisi ya mikopo midogo, maabara, stesheneri. Ukimaliza utakuwa na mitandao miwili iliyotengana, wa ofisi na wa wageni, na ruta (kisanduku kinachogawa intaneti na waifai) ambayo mtu wa nje hawezi kuichezea. Tenga saa 3, na usianze siku ya kazi asubuhi.

Vya kuwa navyo kabla hujagusa kitu

- Laptopu na kebo ya mtandao ya meta 2 hivi. Laptopu nyembamba nyingi hazina tundu la kebo. Hapo tafuta adapta ya USB.
- Jina la mtumiaji na paswedi ulizopewa na mtoa huduma wa intaneti, kama ruta yako inaunganishwa kwa PPPoE, yaani kwa kujitambulisha kwa mtoa huduma kwa jina na paswedi. Usianze bila hizi. Ruta ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, taarifa hizi hufutika na ofisi hukaa bila intaneti mpaka mtoa huduma apokee simu.
- Paswedi ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. Kama fundi aliyefunga ruta aliondoka nayo, mpigie sasa. Ni mali ya ofisi.
- Klipu ya karatasi au sindano kwa ajili ya kitufe cha kurudisha hali ya kiwandani.
- UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) ndogo ya ruta, au laptopu na ruta zikae kwenye UPS ya kompyuta kwa muda wa kazi. Ukinunua ya ruta, soma kwanza adapta yako: nyingi ni volti 9 au 12. Volti lazima zilingane kabisa. Ampea ziwe sawa au zaidi.
- Daftari la karatasi. Paswedi za ruta ziandikwe humo na daftari lifungiwe kwenye kabati ya ofisi, zisiwe kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi.
- Ruhusa ya mwenye ofisi. Na ufanye kazi kwenye vifaa vya ofisi yako tu. Kuingia kwenye mtandao wa jirani bila idhini yake, hata kwa "kujaribu", ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Hatua ya 1: Orodhesha kila kinachotumia waifai

Zunguka ofisi na daftari. Andika kila kompyuta, printa, simu ya ofisi, DVR (kinasa picha) ya kamera, televisheni na kishikwambi. Mbele ya kila kimoja andika kama kinahitaji kuwasiliana na vifaa vingine vya ofisi au kinahitaji intaneti tu. Kompyuta ya mhasibu inahitaji printa. Simu ya mfanyakazi inahitaji intaneti tu, na televisheni ya sebuleni kwa wateja vilevile. Mgawanyo huu ndio utakaoamua nani anakaa wapi kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 2: Ingia kwenye ruta kwa kebo

Chomeka kebo kutoka laptopu hadi tundu mojawapo la LAN, yaani la vifaa vya ndani. Zima waifai ya laptopu. Tunatumia kebo kwa sababu utabadilisha mipangilio ya waifai yenyewe. Ukiwa juu ya waifai utajikata katikati ya kazi.

Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, bonyeza Enter, usome namba iliyo mbele ya "Default Gateway". Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, ruta nyingi za Huawei za laini ya simu hutumia 192.168.8.1 na ruta za chapa ya MikroTik hutumia 192.168.88.1. Andika namba hiyo kwenye brauza, juu kabisa, si kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google.

Ukishaingia, tafuta mahali pa kuhifadhi nakala ya mipangilio, kwa kawaida chini ya "System Tools" au "Backup". Hifadhi faili kwenye laptopu. Ukiharibu kitu, utarudi hapo kwa dakika mbili.

Hatua ya 3: Badilisha paswedi ya kuingilia kwenye ruta

Hii ni tofauti na paswedi ya waifai, na wengi huisahau. Kama bado ni "admin" na "admin", yeyote aliye ndani ya mtandao anaweza kubadilisha kila kitu utakachokipanga leo. Weka herufi na namba zisizopungua 14, isifanane na ya waifai, iandike kwenye daftari. Kama ruta inaruhusu, badilisha na jina "admin".

Hatua ya 4: Sasisha programu ya ndani ya ruta

Tafuta "Firmware Upgrade" au "Software Update". Kama ruta ina kitufe cha kujisasisha yenyewe kupitia intaneti, tumia hicho. Kama huna budi kupakua faili, geuza ruta chini usome modeli na toleo la kifaa, kwa mfano V5 au V6. Ruta mbili zenye jina moja lakini matoleo tofauti hazitumii faili moja, na faili ya toleo jingine inaweza kuiua ruta.

Onyo: umeme ukikatika wakati ruta inajiandika upya, inaweza isiwake tena. Ndiyo sababu ya UPS kwenye orodha. Huna UPS? Ruka hatua hii leo, urudi ukiwa nayo.

Ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho inunuliwe mbadala. Haitibiki kwa mipangilio.

Hatua ya 5: Chagua ulinzi sahihi na paswedi isiyokisika

Nenda "Wireless", kisha "Security". Utakuta orodha ya aina za ulinzi zenye majina yanayofanana. Amua hivi:

- WEP: usiitumie kabisa. Udhaifu wake ulionyeshwa hadharani mwaka 2001 na leo huvunjwa kwa dakika.
- WPA peke yake, au chochote chenye TKIP (mbinu ya zamani ya kufunga mawimbi): achana nacho. Mbali na udhaifu wake, TKIP huishusha waifai ya kisasa hadi Mbps 54.
- WPA2-PSK (paswedi moja kwa wote) yenye AES, mbinu imara zaidi ya kufunga mawimbi: hii ndiyo ya chini kabisa unayoweza kukubali.
- WPA3, au mchanganyiko wa WPA2/WPA3: chagua hii kama ipo. Printa ya zamani ikigoma kuunganishwa, rudi WPA2 yenye AES.

Ukiona mpangilio wa "PMF" au "Protected Management Frames", weka "Optional" au "Capable". Unazuia mtu wa nje kuwakatisha watu wako kwenye mtandao kwa amri za uongo.

Sasa paswedi. Hapa tukae kidogo, maana ndipo ofisi nyingi huanguka.

Kifaa kinapojiunga na waifai ya WPA2, salamu za mwanzo kati yake na ruta hupita hewani. Mtu aliye barabarani anaweza kuzirekodi, akaenda nazo nyumbani na kukisia paswedi kwa kompyuta yake bila ruta yako kuona lolote. Paswedi inayopendwa sana ofisini ni namba ya simu ya bosi. Namba hiyo ina tarakimu 10 na huanza na 06 au 07. Zilizobaki ni 8, yaani namba milioni 100 kwa kila mwanzo. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro hujaribu laki kadhaa kwa sekunde. Kazi hiyo inaisha kwa dakika chache. Jina la kampuni likifuatiwa na mwaka halifiki hata hapo.

Fanya hivi: fungua kamusi ya Kiswahili bila kuangalia, weka kidole, chukua neno. Rudia mpaka upate maneno matano yasiyohusiana, uyaunganishe kwa vistari, mfano wa umbo lake ukiwa saruji-hereni-kiroboto-mkeka-pangaboi. Hiyo usiitumie, imeshaandikwa hapa. Hata maneno manne tu, yakichaguliwa bila upendeleo kutoka maneno 10,000, kompyuta inayojaribu mara milioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 300 kuyamaliza yote. Ni muhimu maneno yachaguliwe na kidole wala si na kichwa, kwa sababu kichwa huchagua jina la mtoto, mtaa na timu ya mpira. WPA2 inapokea herufi 8 hadi 63, kwa hiyo nafasi unayo. Tumia herufi ndogo, namba na vistari tu; baadhi ya printa hushindwa na alama za ajabu.

Jina la waifai nalo libadilishe. Lisibaki la kiwandani lenye modeli ya ruta, na lisitaje "Uhasibu" wala "Bosi".

Hatua ya 6: Zima WPS

WPS ni ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kuandika PIN ya tarakimu 8. Mwishoni mwa 2011 ilibainika kwamba ruta huhakiki PIN hiyo kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki tu. Badala ya kukisia mamilioni, mtu anakisia mara 11,000 kwa wingi wake. Akifaulu, ruta yenyewe humkabidhi paswedi yako, hata kama ni ya maneno matano. Zima WPS yote, kitufe na PIN. Kisha washa ruta upya uhakikishe imebaki imezimwa.

Hatua ya 7: Tenga mtandao wa wageni

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kama una nusu saa tu, fanya hatua ya 3, ya 5 na hii.

Tafuta "Guest Network". Washa, lipe jina linaloeleweka kwa mteja, weka WPA2 na paswedi nyepesi kutamka. Usiuache wazi bila paswedi, kwani bila paswedi mawimbi hayafungwi na jirani anasoma yasiyomhusu. Halafu angalia visanduku viwili:

1. Kinachoruhusu wageni kufikia mtandao wa ndani, "Allow guests to access my local network": kiwe tupu.
2. Kinachoruhusu wageni kuonana, "Allow guests to see each other": kiwe tupu. Kwenye ruta nyingine mpangilio huu huitwa "AP Isolation" au "Client Isolation", na huko unawashwa.

Kama ruta ina kipimo cha kasi, wape wageni sehemu ndogo. Kwa laini ya Mbps 20, Mbps 5 kwa wageni wote zinatosha WhatsApp na barua pepe, na mfumo wa forodha hautakwama saa nane mchana mtu wa kaunta akitazama mpira.

Simu binafsi za wafanyakazi nazo ziende huku. Wapo watakaonuna, lakini sababu ni nzito: kwenye Android kuanzia toleo la 10, simu iliyounganishwa inaweza kuonyesha msimbo wa QR wa waifai, na simu nyingi huandika paswedi yenyewe chini ya msimbo huo. Paswedi iliyo kwenye simu ya mtu mmoja iko kwenye simu ya yeyote anayemwomba. Kwa hiyo mtandao wa ofisi ubaki wa kompyuta za ofisi peke yake, na anayeandika paswedi yake ni mtu mmoja aliyeteuliwa.

Paswedi ya wageni ichapishwe kwenye karatasi ya kaunta na ibadilishwe kila tarehe 1 ya mwezi. Hapo dada wa kaunta ana kitu cha kumpa mteja bila kugombana naye.

*Kama ruta yako haina mtandao wa wageni.* Nunua ruta ya pili ya kawaida. Na hapa wengi hukosea: hufunga ruta ya pili nyuma ya ile ya kwanza, kisha kuwapa wageni hiyo ya pili. Ni kinyume chake. Ruta ya nyuma inaweza kufikia mtandao wa ruta ya mbele, wakati ya mbele haiwezi kufungua mawasiliano kuelekea nyuma. Ukiwaweka wageni nyuma, umewapa njia ya kwenda ofisini. Mpangilio sahihi:

1. Ruta ya mtoa huduma, ya mbele: wageni. Washa AP Isolation, weka paswedi kali ya kuingilia kwenye mipangilio, kwa maana wageni wanaweza kuufikia ukurasa wake.
2. Kebo itoke tundu la LAN la ruta ya mbele iingie tundu la WAN (la intaneti inayoingia) la ruta ya nyuma. Si LAN kwa LAN; ukifanya hivyo umetengeneza mtandao mmoja.
3. Ruta ya nyuma: ofisi. Ipe anwani tofauti, kwa mfano 192.168.50.1, ili zisigongane.
4. Printa na kompyuta zote za ofisi ziunganishwe nyuma tu.

*Wenye MikroTik:* kuongeza jina la pili la waifai ndani ya bridge ileile (kundi linalounganisha matundu na waifai kuwa mtandao mmoja) hakutenganishi chochote. Mtandao wa wageni uwe na bridge yake, anwani zake, na kanuni ya kuzuia mawasiliano kutoka huko kuelekea anwani za ofisi.

*Jaribu, usiamini kisanduku.* Ruta inayotumika kama akses pointi tu (kurusha waifai ya ruta nyingine), na ripita (virefusha mawimbi) nyingi za bei nafuu, huonyesha mtandao wa wageni lakini hazitengi kitu. Chapisha ukurasa wa mipangilio wa printa upate anwani yake, tuseme 192.168.50.20. Unganisha simu kwenye waifai ya wageni, zima data, andika anwani hiyo kwenye brauza. Ukurasa wa printa ukifunguka, mitandao haijatengana.

Kwa ofisi inayotunza nakala za vitambulisho vya NIDA, pasi za kusafiria au taarifa za mikopo, utengano huu una uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wajibu wa kuzilinda taarifa hizo uko kwa anayezikusanya.

Hatua ya 8: Printa, kamera na televisheni

Printa nyingi hutangaza waifai yao wenyewe, jina likianza na "DIRECT-". Baadhi hutoka kiwandani na paswedi 12345678. Mtu akiingia hapo anaweza kuchapisha, na kwenye baadhi ya printa hufikia hata kilichoskaniwa. Zima Wi-Fi Direct kwenye menyu ya printa, na uweke paswedi kwenye ukurasa wake wa mipangilio.

DVR ya kamera ifungwe kwa kebo. Badilisha paswedi ya kiwandani. Kama mafundi walifungua "Port Forwarding" ili bosi aone kamera akiwa Dar es Salaam, ifunge. Huo ni mlango uliotazama dunia nzima. Atumie programu ya simu ya mtengenezaji, na aweke humo paswedi ya peke yake.

Televisheni iende kwa wageni. Haina la kufanya ofisini.

Hatua ya 9: Funga milango ya nje

Zima "Remote Management", "UPnP" na "Telnet". Futa kila kilichomo kwenye "Port Forwarding" usichojua kazi yake. Tazama pia DNS, yaani anwani ya seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba: kama imeandikwa namba ambayo hukuiweka wewe wala mtoa huduma, ifute. Ukipenda weka 9.9.9.9, inayokataa tovuti zinazojulikana kuwa za hatari.

Hatua ya 10: Ruta ikae wapi

Isikae kaunta. Anayeweza kushika kitufe cha nyuma kwa sekunde 10 ameshafuta kazi yako yote, na anayeweza kuchomeka kebo kwenye tundu la LAN hahitaji paswedi ya waifai. Ipandishe ukutani, juu ya kimo cha mtu, ndani ya chumba kinachofungwa, katikati ya ofisi na mbali na kabati za chuma.

Kwa majengo ya vyumba vilivyobanana kama yale ya mjini, punguza nguvu ya mawimbi hadi "Medium" uone kama bado yanafika kila meza. Kompyuta ziweke kwenye 5 GHz, ambayo haipenyi kuta za tofali kwa urahisi, hivyo haitoki mbali nje. Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 pekee, upana wa MHz 20.

Msimu wa mvua, kukiwa na radi, chomoa adapta na kebo inayotoka nje pia. Wengi huchomoa umeme na kuacha kebo, na radi hupitia hapohapo.

Hatua ya 11: Utaratibu wa watu

Mfanyakazi anapoacha kazi, badilisha paswedi ya waifai ya ofisi na ya kuingilia kwenye ruta siku hiyohiyo, hata kama mmeachana kwa amani. Kwa kuwa mtandao wa ofisi una kompyuta chache tu, ni kazi ya dakika 15. Fundi wa nje apewe waifai ya wageni. Akihitaji kuingia kwenye ruta, muingizie wewe na ubadilishe paswedi akiondoka.

Kila mwezi fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uilinganishe na daftari. Kila miezi mitatu angalia sasisho.

Mkizidi watu 15, au watu wakiingia na kutoka sana, hamieni WPA2-Enterprise ambamo kila mtu ana jina na paswedi yake. Akiondoka unamfuta yeye tu. Hapo tafuteni fundi mwenye uzoefu wa RADIUS, seva inayohakiki jina na paswedi ya kila mtu.

Yasiyosaidia, msipoteze muda nayo

Kuficha jina la waifai: jina hutajwa hewani kila kifaa chenu kinapojiunga, na simu na laptopu hulitangaza kila zinapokwenda. Kuchuja kwa anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa): anwani hizo hupita hewani wazi, na kuiga moja ni amri moja ya kompyuta. Kumzuia mtu kwa MAC ya simu yake ndiyo kabisa. Simu za Android 10 na iPhone za iOS 14 kwenda juu hutumia anwani za kubuni, na akiifuta waifai na kuiunga upya anaweza kuja na nyingine.

Mambo yakigoma

*Printa imepotea baada ya kubadilisha paswedi.* Iunganishe upya kwenye menyu yake, kwenye jina la 2.4 GHz, nyingi haziioni 5 GHz. Kisha kwenye Windows ondoa printa uiongeze upya, maana anwani yake huenda imebadilika. Ili isijirudie, itengee anwani ya kudumu kwenye ruta, chini ya "Address Reservation".

*Waifai ipo, intaneti hakuna.* Tazama ukurasa wa "Status". WAN ikionyesha 0.0.0.0, taarifa za PPPoE zimepotea au zimekosewa. Ikionyesha anwani lakini tovuti hazifunguki, kagua DNS.

*Ukurasa wa ruta haufunguki kwenye simu.* Zima data ya simu. Simu ikiona waifai haina intaneti hukimbilia laini bila kukuambia.

*Umesahau paswedi ya ruta.* Bonyeza kitufe kwa klipu sekunde 10 ruta ikiwa imewashwa, weka PPPoE, rudisha nakala ya mipangilio ya hatua ya 2. Nakala hiyo ina mipangilio ya siku uliyoihifadhi, pamoja na paswedi ya siku hiyo, hivyo tengeneza nyingine mara umalizapo kazi ya leo.

*Wageni wanaunganishwa lakini hawapati anwani.* Ruta imeishiwa anwani za kugawa. Simu zinazobadili anwani za MAC huchukua nafasi mpya kila mara, na nafasi hushikiliwa kwa muda uliowekwa, mara nyingi saa 24. Punguza "Lease Time" iwe dakika 120.

*Intaneti bado nzito.* Tazama orodha ya vifaa. Kama ni vyenu tu, tafuta kompyuta inayopakua masasisho ya Windows saa za kazi. Kama kuna usichokijua kwenye mtandao wa ofisi, badilisha paswedi leo na uulize aliyeiandika mara ya mwisho ni nani.

*Watu wanakatika wote kwa pamoja, mara kwa mara.* Anza na adapta ya umeme. Iliyochoka huzima ruta kwa nukta. Kisha badilisha chaneli. Ikiendelea, hakikisha PMF imewashwa.

*Kuna waifai yenye jina kama letu lakini haina kufuli.* Usiunganishe kitu huko. Kwenye kompyuta zote ifute kwenye orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, na uwaambie wafanyakazi leo hii kwamba waifai ya ofisi haiwezi kukubali mtu bila paswedi.

*Tovuti ya benki inaleta onyo la cheti (uthibitisho kwamba tovuti ni halisi).* Usibonyeze kuendelea. Angalia kwanza tarehe ya kompyuta: betri ndogo ya ubao mama ikiisha, umeme ukikatika kompyuta hurudi miaka nyuma na vyeti vyote huonekana vibaya. Badilisha betri, ni CR2032 kwa kompyuta nyingi za mezani. Kama tarehe iko sahihi na onyo linatokea kwenye kompyuta zaidi ya moja, ingia kwenye ruta kwa kebo ukague DNS, na usifanye malipo yoyote kupitia mtandao huo mpaka ijulikane nani aliibadilisha.